Vumbi la Mgongoni

Dutwa, Jumapili

Mwangaluka dada Kabula,

Mimi ni mzima, ila nimekasirika. Kwenye kiwanda cha tajiri mpya wa pamba kuna fundi mashine Mbrazili, ananifundisha jujitsu, mieleka ya kwao, juu ya magunia. Kuna mtindo unalala chali kwa hiari yako, unampitishia mwenzako mguu shingoni, kisha unaushika mwenyewe na kuuvuta mpaka kichwa chake kikulalie kifuani.

Jana binamu Luhende alinichokoza mbele ya watu waliosubiri kupima pamba. Nikalala, nikamnasa, nikavuta. Akanipigapiga begani nimwachie, na wote waliona. Nikasimama nikingoja sifa.

Mjomba akasema, "Geuka tuone mgongo."

Nikageuka.

"Mwenye vumbi ndiye aliyeangushwa," akasema, na akina mama wakampigia Luhende vigelegele. Nikawaeleza kwamba nililala mwenyewe. Mjomba akajibu, "Hata ng'ombe akilala mwenyewe, fisi hamuulizi."

Jioni wakachinja jogoo, firigisi akapewa Luhende. Aliitafuna huku shingo yake imepinda upande, hata kunitazama hawezi. Mimi nikapewa mabawa.

Msalimie mama, na hiyo malaria ikuachie upesi. Shati nakuja nalo kama lilivyo, usilifue. Mgongoni lina vumbi, sikatai. Wewe tazama kifuani: madoa yale ni machozi na makamasi ya Luhende.

Mdogo wako akupendaye,
Masanja