Neno "Kiyahudi" Litabaki kwenye Tangazo la Dada Nasra

Jumatatu, Azaiba, huku kwetu Uarabuni. Joto limevunjika; madirisha yako wazi tangu alfajiri na kiyoyozi kimepumzika.

Nadai hivi, na niko tayari kulitetea dai langu mbele ya yeyote: historia ya wanawake waliodai kura haisimuliki kwa ukweli iwapo wanawake wa Kiyahudi waliokuwamo watafichwa. Anayewaita "wanawake" tu, akalimeza jina lao, amesimulia nusu.

Leo naandika kwa utulivu. Jana sikuwa mtulivu.

Alhamisi dada yangu Nasra, ambaye ni mwanasheria, atazungumza kwenye duara letu la kusoma. Mada ameichagua mwenyewe: wanawake wa Kiyahudi waliochaguliwa kuingia mabunge na mabaraza ya nchi mbalimbali, na walichorithi kwa wale waliopigania kura kabla yao. Tangazo limeshatoka. Jana, baada ya chakula cha mchana, ami Seif, ambaye ndiye mlezi wa duara, alinivuta mpaka jikoni, akarudisha mlango, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba, mwambie dadako alitoe lile neno moja tu. Aseme wanawake, khalas, basi. Watu watamfahamu vibaya, na yule ana nia ya kugombea. Asituaibishe."

Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilijiona mkubwa kwa kuaminiwa siri.

Hofu ya ami si ya kipuuzi. Ni kweli kwamba Nasra anataka kusimama uchaguzi wa baraza la manispaa, na sote tunajua jinsi tangazo linavyoweza kuzunguka kwenye simu za watu likiwa limekatwa kichwa na miguu. Isitoshe, hakuna nyumba hapa isiyo na uchungu kwa yanayowafika Wapalestina. Uchungu huo ni wa haki. Nasra anao, nami ninao. Lakini uchungu juu ya matendo ya dola hauturuhusu kuifuta kaumu nzima katika historia, kana kwamba mwanamke wa Kiyahudi aliyedai kura mjini London zaidi ya karne moja iliyopita aliwahi kuulizwa rai yake juu ya haya.

Wala neno lenyewe si pambo. Walikuwapo wanawake wa Kiyahudi wa Uingereza waliodai kura mbili kwa mpigo: ya bunge la nchi, na ya kuendesha mambo ya sinagogi lao. Baadhi yao walipaza dai hilo katikati ya ibada, wakatolewa nje. Wenzao wakawalaumu kwamba wanaifedhehesha jumuiya mbele ya wageni. Ondoa neno "Kiyahudi" uone kinachobaki: kura ya pili imetoweka, na lawama ile haina tena mwenyewe. Aliyechaguliwa baadaye, akasimama bungeni kubishana na taifa zima, alirithi kwa watu waliokwisha kubishana nyumbani kwao kwanza.

Asituaibishe. Nilipokutana na lawama hiyo vitabuni, chuoni, sikujua kwamba nitaisikia kwa Kiswahili jikoni kwetu.

Na Nasra alikuwa upande wa pili wa ukuta, ukumbini, akimenya machungwa.

Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko neno lenyewe. Mzungumzaji ni yeye. Ujumbe nikapewa mimi, mdogo wake wa kiume. Nikamwambia, "Ami, yupo hapo. Mwambie mwenyewe." Akacheka. "Wewe chuo kimekuharibu," akasema, akatokea mlango wa nyuma kwenda garini kwake.

Niliporudi ukumbini, dada hakuinua hata macho. "Mmeshanipigia kura huko jikoni?" aliuliza. "Nimepita au nimeanguka?"

Nilikaa nikala machungwa yake.

Kwa Kiarabu kura huitwa sauti. Kwa Kiswahili chetu, kura ni hata kile kikaratasi kilichokunjwa unachookota kwa bahati. Jana dada yangu alipewa kura ya namna hiyo, na hata hiyo aliokotewa na wengine.

Nchini mwetu mwanamke anapiga kura, na anagombea Baraza la Shura, ndilo bunge letu la kuchaguliwa. Uchaguzi uliopita haukumfikisha barazani hata mmoja. Sheria haikumzuia. Basi tusiitafute sababu mbali sana, tuanze na milango inayorudishwa baada ya chakula cha mchana.

Tangazo halijabadilishwa. Nasra amesema atazungumza chini ya kichwa chake cha maneno au hatazungumza kabisa, na ukumbi wa duara uko mikononi mwa ami.

Ami Seif, shikamoo. Najua unausoma ukurasa wangu huu, maana kila nikiandika hunitumia masahihisho ya tahajia. Safari hii sitaki tahajia. Nataka ujibu hadharani, chini ya maandishi haya, kwa jina lako, kabla ya Alhamisi: neno lile liondoke kwa sababu gani?

Na jibu hilo usiniandikie mimi. Lianze na jina la Nasra.