Mama Panya, Mwalimu Aliyekubali Kusahihishwa

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipomwomba Baba akufungulie dirisha. Alilifungua, na alipogeuka kukuuliza kama panatosha, ulikuwa umeshatutoka.

Bado hatujazoea. Mlango wa mbele ukilia jioni tunatega masikio kukusikia ukipitiliza bafuni kabla ya kumsalimu mtu. "Msinikumbatie kwanza, nanuka kazi," ulikuwa ukisema. Ulinuka maranda ya mbao na panya. Sisi tulikukumbatia hivyohivyo, na ndiyo harufu ya utoto wetu.

Mtaani walikuita Mama Panya. Wageni walidhani ni tusi, lakini mwenyewe uliliitika kwa furaha. Siku panya alipotoboa gunia letu la unga, jirani yetu mshonaji alikuchokoza kwenye uzio: "Leo umetembelewa na ndugu zako!" Ukamjibu huku ukitega mtego: "Ndugu zangu wana vyeti vya kuzaliwa. Baba zao wanajulikana, babu zao wanajulikana. Huyu ni mhuni tu."

Wa kwako kweli walijulikana. Tulipokuwa wadogo ulitupeleka mmoja mmoja kwenye nyumba yao, chumba chenye joto mwishoni mwa korido ya chini chuoni kwako, vizimba vimepangwa rafu juu ya rafu, kila kizimba na kadi yake ya wazazi. Ulituvisha makoti yaliyoburuzika sakafuni, ukatuambia tusipumue kwa nguvu. Kisha ulisimama nyuma ya kizimba na kupiga kofi moja. Panya mmoja alitikisa masikio, haraka kama mtu anayekonyeza. Mwenzake aliendelea kutafuna.

"Umeona?" uliuliza. "Huyu kasikia, huyu hajasikia, na wamezaliwa tumbo moja. Kazi yangu yote ni kujua kwa nini."

Ulikuwa unatafuta jeni, ile chembe ya urithi ambayo mtoto huipata kwa baba yake na mama yake. Watu walidhani ni udadisi wa kisomi. Sisi tulijua ni Mjomba.

Mjomba, mdogo wako wa pekee, alizaliwa kiziwi, na kwa miaka mingi hakuna aliyetambua. Walisema ni mkaidi. Shuleni alichapwa kwa kutoitika jina lake. Wewe ndiye uliyegundua, nawe ulikuwa mtoto bado: ulidondosha sufuria nyuma yake na hakugeuka. Alikuwa ameshaota meno ya ukubwani alipopelekwa kwenye shule ya viziwi akapata lugha ya alama, na kabla ya hapo hakuwa na neno hata moja la kusemea njaa, hofu, wala uchungu wa viboko. Jambo hilo lilikukaa moyoni kama mwiba. Ulisoma kwa sababu yake. Naye alipokuwa seremala na kufungua karakana, ndiye aliyekuletea maranda ya kutandikia panya wako wa kwanza, wakati chuo kilipokuwa hakijaamini kama mtafiti kijana, mwanamke, anayetaka kufuga panya viziwi ni mtu wa kupewa chochote.

Miaka ilipita, jeni ukaipata. Panya wote waliorithi nakala mbili zilizoharibika, moja ya baba na moja ya mama, walikuwa viziwi. Ukaitafuta kwenye damu ya Mjomba na ya familia nyingine, ukaikuta na huko. Makala yako ilisomwa duniani kote. Tulifanya sherehe hapa nyumbani, na shangazi mmoja akainua glasi na kusema sasa Mjomba atapona. Ulimtafsiria kwa mikono, uso wako unang'aa.

Mjomba aliweka sahani chini. Akakuuliza kwa alama, polepole ili sote tuelewe: "Nani alikuambia mimi nimeharibika?"

Akaendelea: "Mimi sikukosa masikio. Nilikosa mtu wa kuzungumza naye. Kama panya wako wanaweza kukusaidia kwa hilo, wape chakula kizuri."

Tangu siku hiyo ulikuwa na kazi mbili. Asubuhi panya, mchana kuzunguka hospitali na ofisi za wakubwa, ukidai watoto wachanga wapimwe masikio kabla hawajatoka wodini, ili wazazi waanze lugha ya alama mapema. Walikuambia hakuna haja, mtoto akikua itajulikana. "Itajulikana kwa viboko," uliwajibu, na wengine waliacha kukualika.

Kisha kukatokea jambo la Twiga.

Twiga tunamwita hivyo kwa urefu wake, nawe ndiye uliyembatiza jina hilo. Alikuja kwako akiwa mwanafunzi anayeogopa kushika panya, akaondoka akiwa daktari wa elimu ya urithi mwenye maabara yake mwenyewe, mbali na hapa. Alikula mezani kwetu miaka mingi. Sisi wanao tulikuwa tukimwonea wivu kidogo, kwa sababu ukizungumza naye ulikuwa unasahau chai.

Siku moja alikupigia simu. Tulikuwa sebuleni, na sauti yake ilivuma hadi kwetu.

"Mwalimu, panya wangu wanasikia."

"Panya gani?"

"Wenye jeni yako. Nakala zote mbili zimeharibika, nimehakikisha. Nikipiga kofi, wanatikisa masikio."

"Umechanganya vizimba. Rudia."

"Nimerudia, Mwalimu."

"Basi rudia tena!" ukakata simu.

Tusikupambe, Mama, kwa kuwa hukupenda watu wapambwe. Ulikasirika vibaya sana. Ulisema umemfundisha mtu kurusha mishale naye akakugeuza shabaha. Alipopiga tena hukupokea, na akaendelea kupiga, nawe ukaendelea kutopokea. Wenzako chuoni walikuchochea. Ulikuwa unatajwa kuwa mkuu mpya wa taasisi, na mmoja wao alikuja hapa nyumbani, akaketi kwenye kochi la Baba, akakuambia mhariri wa jarida lililochapisha makala yako atakuuliza wewe kwanza kabla ya kuchapisha makala ya Twiga. "Sema tu kwamba kazi yake ina mashaka. Neno moja. Nani atamwamini yeye dhidi yako?"

Mgeni alipoondoka, Baba, aliyekuwa amejiinamia na kioo chake jichoni akitengeneza saa ya mtu, alisema bila kuinua kichwa:

"Wateja huniletea saa mbili zisizopatana. Kila mmoja anaapa yake ndiyo ya kweli. Mimi huzifungua zote."

"Sijakuuliza," ukamwambia.

"Najua."

Ulinuna hadi chakula kikaliwa bila wewe. Lakini kesho yake ulimwandikia mhariri kwamba kazi ya Twiga ni safi na inastahili kuchapwa, ijapokuwa inaibomoa ya kwako.

Yaliyotokea kwenye mkutano wa wanasayansi, Twiga alipowasilisha kazi hiyo, hukuwahi kutusimulia. Twiga alitusimulia mwenyewe siku ya mazishi, akiwa amesimama kando ya jeneza lako. Alisema alipomaliza kueleza matokeo yake, ukumbi mzima uligeuka kukutazama. Mwenyekiti akauliza kama profesa ana la kusema. Ukasimama ukatembea hadi mbele.

Ukasema, "Nina swali moja tu. Panya hao naweza kupewa?"

Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ukawageukia: "Niliandika kwamba jeni hii ikiharibika, basi uziwi ni lazima. Nilikosea. Wanafunzi wangu mliopo hapa, futeni hilo mnapofundisha. Kupotea njia ndiko kujua njia. Sasa nataka kujua njia."

Ukuu wa taasisi walimpa mwingine. Walisema wanahitaji mtu mwenye uhakika.

Nanyi wawili mkaingia kazini. Panya wake waliletwa kwa ndege, ukawapokea uwanjani kama wakwe. Mkawazalisha na wa kwako, mkapiga makofi nyuma ya vizimba kizazi baada ya kizazi, hadi viganja vyako vikawa vigumu kama vya mpiga ngoma. Na mkapata ambacho hamkukitafuta: jeni ya pili, iliyokaa mbali kabisa na ile ya kwanza, ambayo panya wa Twiga walikuwa nayo na wa kwako hawakuwa nayo. Ilikuwa inayalinda masikio. Hakuna jeni inayotawala peke yake, mkaandika. Kila moja ina majirani, na majirani huamua mengi.

Makala ile ndiyo iliyobadilisha namna watu wanavyotafuta magonjwa ya kurithi. Wapo wanaotafuta ya figo, ya macho, ya moyo, na wote siku hizi huanza kwa kuuliza swali lenu: mbona huyu kaugua na mwenzake mwenye jeni hiyohiyo hakuugua? Jina la kwanza kwenye makala lilikuwa la Twiga. Alipinga. Ukamwambia, "Mimi nimeshachoka kuwa wa kwanza, mwisho nikawa wa kwanza kukosea."

Siku za mwisho, ulipokuwa huinuki tena, alikuja akaketi kitandani kwako. Wanafunzi wako walikuwa wametuma salamu kutoka kila upande, wengine wazee wenye wanafunzi wao na wajukuu wa kisomi usiowajua. Akakusomea majina. Ulikuwa umefumba macho tukadhani umelala, kumbe unasahihisha: "Huyo hakuwa mwanafunzi wangu. Alikuja kula tu."

Twiga alicheka huku akilia. Akakuuliza kama uliwahi kumsamehe.

"Kwa lipi?" ukasema. "Mimi ndiye niliyekata simu."

Mama, tuna habari ya kukupa.

Kitindamimba wako amejifungua mtoto wa kike. Ulimwacha tumboni, ukawa unauweka mkono wako pale kumsubiri ageuke. Kabla hawajaruhusiwa kutoka hospitali, nesi alikuja na kifaa kidogo akakiweka masikioni mwa mtoto, kama wanavyowafanyia wachanga wote siku hizi. Hakujua anampima mjukuu wa nani. Alipima mara mbili, akatugeukia uso umemshuka.

"Poleni sana," akaanza.

"Mtoto ana afya?" mdogo wetu akauliza.

"Ana afya njema. Ila hasikii."

Mdogo wetu alimtazama mwanawe. Machozi yalimtoka, hatutakuficha, kwa kuwa hata anayejua njia huogopa giza. Kisha akajifuta na kutuambia, "Mwiteni Mjomba."

Mjomba hufunga karakana mapema sasa. Kila alasiri huja, ana vumbi la mbao kwenye nyusi, humpakata mtoto na kumsimulia mambo kwa mikono: mvua, kuku wa jirani, wateja wasumbufu. Wiki iliyopita alikuwa akimrusharusha juu na kumdaka. Alipopumzika, mtoto alimtazama usoni, akagonganisha ncha za vidole vyake vinene, ovyoovyo, lakini sote tuliona. Alisema kwa alama, "Tena."

Mjomba aliganda. Akatugeukia kuhakikisha kwamba tumeshuhudia. Baba alilazimika kuvua kioo chake cha jichoni kwa sababu kilikuwa kimelowa.

Mjomba akamrusha tena.

Unakumbukwa na mumeo, fundi saa wako, ambaye bado analala upande wake wa kitanda. Na wanao watatu na wakwe zako. Na mdogo wako seremala. Na wajukuu zako, pamoja na huyu mdogo uliyemgusa bila kumwona. Na Twiga, mtoto wa elimu yako, na wote aliowasomesha na watakaosomeshwa nao. Jirani mshonaji naye ameomba atajwe.

Pumzika, Mama. Siku zote tutakazoishi, tutakuwa nawe moyoni.