Mgeni wa Angani Aliyevaa Turubai

Mjukuu wangu Wandera,

Hapa Funyula sote tu wazima, na dada yako amejifungua msichana. Umeniandikia kwamba kompyuta zenu ni dhaifu na pesa ni kidogo, hata yule mgeni wa angani katika mchezo wa kompyuta mnaoutengeneza hawezi kusogeza mdomo. Mimi niliwahi kumshona mmoja.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi cherehani Malaba. Sisi kina mama wa kanisa tukaandaa igizo la mashindano ya vikundi, la kiumbe aliyeshuka kutoka nyota za mbali. Kitambaa hatukuwa nacho, ila madereva wa malori walitupatia turubai kuukuu, nikaishona iwe vazi. Rafiki yangu Nabwire alipoivaa, ilikuwa ngumu hata shingo haikugeuka.

"Nitaigizaje nimekauka hivi?" akalia. "Watatucheka!"

"Basi usigeuze shingo," nikamwambia. "Ukitaka kumtazama mtu, geuza mwili mzima, polepole. Na usiseme neno."

Siku ya mashindano, Nabwire alitoka, akasimama, akaanza kumgeukia chifu aliyeketi mbele. Chifu akaruka kutoka kitini.

"Mama yangu! Huyo si mtu!"

Vigelegele vikapasuka. Tulishinda vikundi vyote, hata kile kilichokuja na mavazi ya kukodi. Tulimbeba Nabwire mabegani akiwa bado ndani ya turubai, na malori yaliyopanga foleni yakatupigia honi hadi kwenye kizuizi cha mpakani.

Huyo mgeni wenu asiyeweza kusema, mwache atazame tu.

Ni mimi bibi yako, kukhu wako, ninayecheka peke yangu nikiandika haya.