Ng'ombe wa Felisian na Kitenzi cha Ghati

Nyegina, 9 Februari 2025

Mpendwa binti wa kaka yangu,

"Ng'ombe ni wa aliyewashika." Ndiyo kauli aliyoituma Dennis kutoka Bunda, nami naitanguliza hata kabla ya salamu kwa sababu imenikaa kooni tangu Jumapili iliyopita. Sasa hujambo? Kifua kimepona na hiyo baridi ya Koimbra? Sisi wazima. Goti langu tu linasumbua, lakini halinizuii kusimama na kugombana.

Tuipime hiyo kauli. Marehemu baba yako Felisian alipohamishiwa kazi Tabora, alipeleka majike sita kwa rafiki yake Burito, baba wa Dennis, amchungie. Utaratibu unajulikana Mara nzima: mchungaji anakunywa maziwa na kutumia samadi, ng'ombe na ndama wao wanabaki wa mwenyewe. Kama kushika ni kumiliki, basi mkunga ana watoto wote wa Musoma, na mimi ninayeshika madaftari ya darasa la sita nina akili zao zote. Burito amekufa, baba yako amekufa, na Dennis ameona uwanja mtupu.

Baba zako wadogo, Mugeta na Gasper, hawana nafuu. Wanataka tukaswage kundi zima, wagawane wao wawili, maana mtoto wa kike yuko Ureno anasomea neno moja. Mugeta alisema mbele za watu, "Miaka miwili neno moja? Si angenunua kamusi." Wakacheka. Kikao ni Butiama, nyumbani kwake, tarehe 26 Aprili. Wewe ndiwe mtoto pekee wa Felisian, na nitasema kwa niaba yako. Nipe silaha. Na hilo neno ni lipi hasa?

Naandika kwa kalamu, Wanzagi wa steshenari pale Nyakato atakutumia picha. WhatsApp ni ya salamu na misiba.

Shangazi yako,
Recho


Koimbra, 23 Februari 2025

Shikamoo shangazi,

Kifua kimepona, nakula vizuri, ila samaki wa huku wamekaushwa kwa chumvi mpaka wamesahau maji. Goti lipake mafuta na ulipumzishe, ingawa najua nasema na ukuta.

Neno langu ni kitenzi cha Walatini, tenere. Maana yake ilikuwa kushika: mkono umefumba, kitu kiko ndani. Walatini walipotoweka, watoto wao waligawana lugha, na kila mmoja akaenda na kitenzi hiki kwake. Waitaliano mpaka leo wanakitumia kwa kushika, lakini ukishuka Napoli, mtu akisema anacho kitu, anakitumia hichohicho. Wafaransa wakitimiza ahadi, wanasema wameishika. Waromania ndio walionimaliza. Kwao, kukumbuka ni kushika akilini, na kumpenda mtu, ile ya kumjali, wanatumia kushika pia. Shangazi, fikiria neno moja limetembea miaka elfu mbili, limeingia jikoni, kanisani na mahakamani, na halijachoka. Siku nyingine nakaa maktaba nalitazama tu, kama mtu anayetazama ziwa.

Sasa jambo baya. Huku Ureno, na Hispania pia, kushika kuligeuka kuwa na kitu. Walikuwa na neno jingine la kumiliki, na hili likalisukuma nje taratibu. Kwa karne nyingi aliyeshika alihesabiwa kuwa ndiye aliye nacho. Usimwambie Dennis.

Lakini limenifanya nijiulize. Baba alifariki mwaka 2020. Tangu hapo, nani wa kwetu amekwenda Bunda kuwaona hao ng'ombe? Mimi sikwenda. Kabla ya kukupa silaha, naomba uende ukatazame.

Mwanao,
Ghati


Nyegina, 30 Machi 2025

Mwanangu Ghati,

Nisamehe kimya cha mwezi mzima. Mwili ni mzima. Kilichougua ni kiburi, na kwa umri wangu hicho huchelewa kupona.

Nilikwenda Bunda Jumamosi, kifua mbele. Sikupewa hata kiti nikaanza: sheria, mila, marehemu kaka yangu. Dennis alikuwa anachonga mpini wa jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Shangazi, chumvi iko wapi?"

Nikatazama mikono yangu mitupu. Unajua mila yenyewe: kila mwaka mwenye ng'ombe anakuja na chumvi ya kuwalambisha, anawatazama mmoja mmoja, anashukuru. Baba yako hakukosa hata mwaka mmoja. Sisi miaka mitano hatujapeleka punje.

"Mlikuwaga wapi?" akaendelea. "Mwaka ule wa ukame niliwaswaga mpaka ufukweni mwa ziwa, siku tatu, wawili wakanifia njiani. Nililia peke yangu. Sasa mmesikia kundi limenona, mnakuja na mila."

Mama yake, Boke, akamwambia, "Mwanangu, mgeni hajanywa maji bado." Akaingia ndani, akatoka na ngozi zilizokunjwa. Tisa. Mchungaji akifiwa na ng'ombe humwonyesha mwenyewe ngozi, ajue hakuuzwa wala hakuchinjwa kwa siri. Baba yako alipokufa hawakuwa na wa kumwonyesha. Waliendelea kuziweka darini, wakizipaka majivu zisiliwe na wadudu. Boke alizikunjua mbele yangu, akitaja kila mmoja alikuwa binti wa nani na alikufa na nini. Mwizi haweki ngozi, Ghati. Nimesoma hotuba nyingi za mawakili, sijapata kuona utetezi kama ule, na yule mama hakuinua sauti.

Nikamuuliza Dennis, je, kweli unasema ni wako? Akatazama chini. "Nilisema ili mje."

Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita, na yule kijana amenifundisha kunyamaza. Hatanyang'anywa kundi nikiwa hai. Lakini Mugeta na Gasper wameshakodi lori. Ng'ombe ni wako. Sema neno, nitalisoma Butiama kama lilivyo.

Shangazi yako,
Recho


Koimbra, 6 Aprili 2025

Shikamoo shangazi,

Natumaini goti na kiburi vyote vinaendelea vizuri. Mimi sijambo, ila barua yako niliisoma nimesimama, na nilipomaliza nikakaa chini sakafuni.

Ng'ombe wasitoke Bunda. Nusu ya kundi ni ya Dennis kuanzia leo, na achague yeye mwenyewe, akianza na majike. Nusu yangu naomba aendelee kunichungia, kama bado anatuweza. Mama Boke mpe salamu zangu za magoti, na umwambie nakuja Julai, atanisomea zile ngozi moja moja. Nimeshinda na wasomi wakubwa hapa, lakini sijakutana na aliyeonyesha kushika ni nini kama yeye na mwanawe.

Yanayofuata yasome kikaoni kwa sauti, bila kupunguza.

Baba mdogo Mugeta, baba mdogo Gasper, shikamooni. Nawaheshimu kwa damu ya baba yangu, ndiyo maana nasema wazi. Lirudisheni lori. Mkiona mna haki juu ya kundi hili, nendeni Bunda kwanza, mlitoe zizini alfajiri, mlichunge mchana kutwa bila Dennis, juani, kandokando ya mashamba ya pamba ya watu. Atakayelirudisha zima jioni, bila pamba ya mtu kuliwa, azungumze nami kuhusu urithi. Mwingine akae, anyamaze, amsikilize Dennis.

Mwana wa Felisian,
Ghati