Sahani ya Bluu

Bujumbura, Jumapili. Mvua zimeanza. Mavuno mawili yamepita tangu utuache.

Mama,

Mikono yangu imepasuka kwa simenti na kalamu inateleza, lakini habari hii siwezi kuilaza. Mdogo wangu Neema hajaanguka tangu Pasaka! Pasaka, Mama! Jana alikaanga samaki wetu wadogo, ndagala, peke yake, yeye na moto, mimi nimekaa mlangoni namtazama kama mtu anayetazama mpira.

Hukujua kwamba naye alianza kuanguka. Ilikuwa baada ya kukuzika. Nyumbani wakamtengea sahani, ile ile ya bluu waliyokutengea wewe. Nilipoona hivyo nikamvusha mpaka, nikamleta huku Kinama ninakopanga. Mara ya kwanza alipoanguka hapa, bombani, watu waliruka nyuma. "Musimuguse! Mate yake itawapata!" Ila jirani yangu, Mama Shantali, akaacha ndoo yake, akamlaza ubavu, akamwekea kitenge chini ya kichwa, akangoja mpaka mwili ukatulia. Kisha akanigeukia: "Kaka, unalia nini? Hii ni intandara, kifafa tu. Iko na dawa. Kesho tunaenda kwa muganga."

Hospitalini nesi akatuambia ni ugonjwa wa ubongo. Mate hayaambukizi, sahani haiambukizi. Nikacheka mpaka akaniuliza kama niko sawa. Ningemwelezaje? Unakumbuka nilivyokuwa nakufuata nyuma ya nyumba ulikokula peke yako, unanibakizia kichwa cha samaki, nami nailamba sahani hadi ing'ae? "We mujinga, utaanguka kama mi!" Na huku unacheka. Sikuanguka hata siku moja, Mama. Jibu tulikuwa nalo mikononi, hatukujua ni jibu.

Kinachoniuma ni wewe. Ulianguka mtoni, watu wakaogopa kukugusa, ukazama. Na kidonge kilikuwa hapa, ng'ambo ya mpaka tu.

Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda Kibenga kuchanganya simenti, namsimamia Neema ameze kidonge chake. Nesi alisema asiache hata akijiona mzima. "Kaka, we ni polisi?" Ndiyo, ni polisi.

Pumzika, Mama. Krismasi tunavuka kuja nyumbani, mimi na yeye, vidonge mfukoni. Tutaiweka sahani yako katikati ya mkeka, mbele ya shangazi na ukoo wote, na mkono wa kwanza kumega bugali humo utakuwa wangu.

Mwanao,
Bahati