Utumbo Uliokataa Kucheza

Glasgow, Uskoti
2 Aprili 2006

Kwako mume wangu Babu Ismaily, buchani, soko la Ruangwa,

Shikamoo. Na mke mwenzangu Bibi Mwantumu mpe shikamoo yake. Mimi mzima, ila baridi ya huku ni ya kukomoana. Mkono wako unaendeleaje? Bado unatetemeka hata ukiwa umeuweka tu pajani?

Nilikuaga nikasema naenda kusomea huo ugonjwa wako. Utacheka: nimepewa panya! Wapo wanaopewa sumu kidogo kidogo mpaka wanatetemeka kama wewe, na wapo wazima wa kulinganishia. Wenzangu wanachunguza ubongo wao, mimi nimepewa utumbo, maana wagonjwa wengi wa kutetemeka tumbo nalo huwagomea. Nakata kipande cha utumbo wa panya aliyekufa sasa hivi, nakifunga uzi, nakining'iniza kwenye maji ya chumvi ya vuguvugu, na mashine inachora mstari kila misuli inapojikaza.

Sasa shida ni kwamba haijikazi. Hata ya panya mzima! Mwezi wa tatu huu mstari umelala tu. Profesa wangu, mama mmoja mfupi mwenye haraka, kasema nisipopata kitu kufikia mwisho wa Septemba utafiti unafungwa na mimi narudi nyumbani. Na kwa usafi hakuna wa kunishinda humu ndani. Utumbo naukamua kwa vidole viwili mpaka unang'aa, vile vile ulivyonifundisha buchani. Naogopa, Babu. Sijui nakosea wapi.

Mkeo,
Nasma


Ruangwa
9 Mei 2006

Mke wangu Nasma,

Marahaba. Huku hatujambo, korosho zimepaliliwa, na bibi yako anasema mke mwenza aliye Ulaya hamtishi. Mkono ni ule ule. Kisu nimemwachia kijana wangu wa bucha, Filbert, mimi nakaa kwenye kigoda nakaripia. Usishangae mwandiko, naanza na herufi kubwa halafu zinajikunja zenyewe.

Felisian wa meza ya pili anauliza hao panya mkishawamaliza mnawapeleka wapi, maana kwao Chiola panya ni kitoweo, hawatupwi.

Sasa nisikilize. Loo, wewe mtoto umenivunja mbavu! Mbuzi akishachinjwa, utumbo wa moto si unajinyonganyonga wenyewe kwenye beseni? Ulivyokuwa mdogo uliuona ukakimbia mpaka kwa wauza dagaa. Nikishaukamua kwa vidole, basi, kimya. Mimi nakamua kwa sababu nauza supu, sina haja nao ucheze! Wewe unautaka uwe hai, halafu unauminya kama unafua shuka. Umeuua kwa usafi, mke wangu.

Vidole weka mbali. Pitisha maji ya vuguvugu kwa ndani, polepole, uchafu utoke wenyewe. Na fanya haraka ungali na joto. Ukitoka na uchafu kidogo, vumilia, humpikii mtu.

Mumeo,
Babu


Glasgow
6 Juni 2006

Babu! Babu! Babu!

Shikamoo, habari za nyumbani nitauliza chini, UNACHEZA!

Nimepitisha maji kwa bomba la sindano, nikaufunga uzi, nikakaa nimeshika roho mkononi. Dakika kumi kimya. Mara mstari ukapanda. Ukashuka. Ukapanda tena! Nikapiga kigelegele, watu wakatoka vyumba vyote wakijua nimejikata. Profesa akauliza nani kanielekeza. Nikamjibu, mume wangu, anauza nyama. Akaniangalia kidoleni kutafuta pete, na mpaka leo sijamweleza utani wetu.

Haya, sasa naweza kupima. Panya wanaotetemeka, misuli ya utumbo wao inajikaza karibu nusu tu ya wazima. Ila profesa anasema hiyo haitoshi. Swali lake ni kipi kinatangulia, tumbo au mwili? Nimebaki na panya wa awamu moja tu. Nikiwapima mapema mno na tumbo likawa bado zima, nimewapoteza bure. Nikichelewa wakawa wameshaanza kutetemeka, sitajua kilichotangulia. Lazima nichague siku, na sina pa kuanzia.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Baba siwezi kumtuma akuulize, mambo ya choo nikimtamkia ataona huku nimeacha adabu yote. Lakini wewe ni mume wangu, sikuonei aibu. Tumbo lako lilianza kukugomea lini? Kabla ya mkono, au baada?

Nyote hamjambo? Mvua je?

Mkeo mwenye furaha,
Nasma


Ruangwa
12 Julai 2006

Mke wangu,

Tu wazima. Barua yako nimeisoma buchani kwa sauti, ila nilipofika kwenye choo nikakohoa nikaikunja. Wateja walikuwa wengi.

Haya, wewe nakwambia, na usimwambie mtu, hata bibi yako hajui. Mkono ulianza 2003, kwenye arusi ya shangazi yako Zena, sahani ya pilau ikanicheza mbele ya wakwe. Lakini tumbo? Ee, tumbo lilianza zamani, mvua za El Nino za mwaka 97, barabara ya Nachingwea ilipokatika. Nilikuwa namaliza siku nne, tano, sijaona choo. Nimekula mapapai mpaka mpapai wa jirani Kipriani ukabaki majani. Nikaona ni uzee tu.

Hesabu mwenyewe. Ni miaka mitano na ushei kabla ya mkono. Usiwangoje hao panya watetemeke. Wapime wakiwa bado wanakimbia kama wezi.

Mumeo,
Babu


Glasgow
21 Septemba 2006

Mume wangu kipenzi,

Shikamoo, na nakuombea afya. Mimi sijalala vizuri wiki nzima kwa furaha!

Nilikufuata wewe. Profesa alitaka tungoje wiki ya nne ya sumu, nikamkatalia, nikawapima ya pili. Kwa nje hawakuwa na tatizo lolote, wanapanda waya, wanang'atana, miguu imara. Nikafungua utumbo wa kwanza: umelegea. Wa pili, umelegea. Wote kumi na wawili, Babu! Wenzao tuliowaacha walianza kutetemeka wiki ya tano. Tumbo lilikuwa limeshatangulia.

Profesa alikaa chini, akaipitia mistari yote upya, halafu akanikumbatia, yeye asiyemgusa mtu. Utafiti haufungwi, nimeongezewa miaka miwili. Sirudi!

Sikudanganyi lakini. Hawa ni panya, si watu, na tumbo gumu pekee si ugonjwa, wengi wanalo na hawatetemeki kamwe. Kwako wewe jambo hili halirudishi kitu, na hilo limeniuma. Ila siku moja huenda mtu akaonekana mapema, mkono wake ukiwa bado mzima. Ndiyo kazi iliyobaki.

Mkeo,
Nasma


Ruangwa
25 Oktoba 2006

Nasma,

Marahaba. Eid imepita salama, tumechinja tumekula. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama juu ya kigoda. Felisian alinidaka. Hongera, hongera sana! Soko zima sasa wanajua panya wako kuliko wanavyojua bei ya korosho.

Sasa utani tuuweke pembeni kidogo.

Marehemu baba yangu naye mikono ilimtetemeka uzeeni. Hatukuuliza kitu, tulijua ni uzee. Basi baba yako Jumaa alipokuja kutoka Marambo siku ya Eid, nilimvuta nyuma ya bucha nikamuuliza habari za choo. Alikasirika, akasema baba, nina miaka arobaini na tisa, unaniuliza nini? Nikamng'ang'ania. Mwisho akasema mwaka wa pili huu. Siku nne, tano. Mama yako hajui.

Nimeutazama mkono wake akinywa chai. Umetulia, hautikisiki hata chembe. Huenda ni mihogo mikavu tu, kama unavyosema wengi wanalo. Nimemwambia akaonane na daktari wa Nachingwea, kasema ataenda baada ya mavuno ya korosho, na unamjua.

Yeye kwako hawezi kusema, wewe ni binti yake. Ndiyo maana nimesema mimi. Mie mkono wangu uache, nimeshauzoea. Mwandikie baba yako, usitaje choo, mwambie tu unawahitaji watu wa rika lake wakapimwe, ataona fahari ataenda. Halafu rudi kwa panya wako ufanye haraka.

Nangoja jibu.

Babu yako,
Ismaily