Kifuko Kilichogoma Kuyeyuka

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, kifua kimetulia na mikono haiwashi tena. Mama naye hajambo? Mwambie asiifiche miwani yako, maana barua hii nataka uisome mwenyewe, tena kwanza ukiwa peke yako. Mimi huku ni mzima, ila sauti imenikauka kwa kusema sana tangu jana.

Baba, umeshinda! Nimeanza na mwisho kwa sababu nakujua, ukiona barua ndefu unaruka mpaka chini. Sasa tulia nikueleze.

Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukichota dawa ya wadudu ya unga kwa kopo, upepo unakurudishia usoni, unarudi nyumbani unakohoa mpaka machozi. Ndiyo maana niliipenda kazi ya kiwanda hiki tangu siku ya kwanza. Dawa tunaifunga katika vifuko vya plastiki laini inayoyeyuka majini. Mtu anatumbukiza kifuko kizima ndani ya tangi, hagusi unga wala hanusi. Mimi niko kwenye mashine ya kufunga vifuko. Aliyetoka kunawa hakaribii mpaka vidole vikauke kabisa, kwani tone moja la maji linatoboa plastiki. Vifuko vilipopelekwa kujaribiwa kwenye shamba unakofanya kazi, kati ya mashamba yote, nikasema sasa kazi imepata mwenyewe.

Yaliyotokea unayajua kuliko mimi. Vifuko vikagoma, vikageuka makamasi, vikaziba mabomba, pampu ikaungua. Msimamizi wenu akaandika kwamba mzee alivishika kwa mikono yenye maji, vikagandana, kisha akavitupa bila kukoroga. Kiwanda kikaipokea taarifa hiyo kwa mikono miwili, maana ilikitoa lawamani. Na wewe, baada ya miaka ishirini na miwili, ukanyang'anywa pampu, ukawekwa getini kufungulia magari. Uliponiandikia kwamba hata wale uliowafundisha kuvaa barakoa sasa wanakuita Mzee Makamasi, nililia.

Lakini katika barua hiyo hiyo uliandika mambo mawili ambayo hakuna aliyewahi kukuuliza. La kwanza, kifuko kimoja kilichobaki ulikijaribu kwenye ndoo ya maji safi, kikayeyuka kufumba na kufumbua. La pili, tangi lile lilikuwa tayari na mbolea ya boroni ya kabichi, kwa sababu msimamizi aliamuru vyote vichanganywe pamoja, kama mlivyozoea kwa dawa ya kopo. Nikajiuliza: mikono ni ile ile, vifuko ni vile vile, sasa kilichobadilika si maji?

Nikatafuta pakiti ndogo ya mbolea hiyo. Mchana, wenzangu wakiwa wanakula, nikachukua glasi mbili na vipande vya plastiki vinavyobaki kwenye mashine. Katika maji matupu kipande kikatoweka. Katika maji ya mbolea kikajikunja, kikawa ute, nikikivuta kinavutika. Nikarudia mara sita, maana mtu wa cheo changu akikosea mara moja hasikilizwi tena.

Jana nikaomba nafasi kwenye kikao. Mkuu wa maabara, mtu anayesahihisha hata salamu, akanipa dakika tano. Nikaweka glasi mezani bila hotuba. Akatazama, akakoroga mwenyewe, akaongeza maji, akakoroga tena mpaka jasho likamtoka, na ute ukamganda kwenye kijiko. Basi mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alisema mbele ya wote kwamba boroni huikaza plastiki hii, kwamba jambo hilo limo vitabuni, na kwamba yeye ndiye aliyepaswa kulikumbuka kabla ya kumlaumu mtu. Sasa kila boksi litachapwa onyo kwa herufi kubwa. Taarifa ya zamani imefutwa, na meneja wa shamba lenu ameshapigiwa simu. Jumatatu unarudi kwenye pampu!

Nilitaka kuishia hapo, Baba, nibaki na sifa zangu. Siwezi. Siku taarifa ile iliposomwa hapa, mkuu aliuliza kama kuna anayemfahamu huyo mpuliza dawa. Nikainamia viatu vyangu. Mwenzangu mmoja akaigiza mzee anayetetemeka, kifuko kimemnasa vidoleni, na chumba kizima kikacheka. Na mimi nilicheka. Niliogopa kibarua kisije kikaota nyasi, niliogopa kuitwa mtoto wa mjinga, nikamcheka mtu aliyevuta sumu miaka yote ili mimi nisome. Barua yako ilinikuta nimeshakukana, nawe umenieleza kila kitu ukiamini niko upande wako. Aibu hiyo nimeibeba wiki saba.

Jana mkuu aliponiuliza nimejuaje habari za tangi lile, nilijibu kwamba nimeambiwa na mpuliza dawa mwenyewe, kwamba huyo ni baba yangu mzazi, na kwamba siku ile nilimcheka pamoja nao. Yule mwigizaji akainamisha kichwa. Sikumsema, kwani kosa lilikuwa letu sote.

Jumatatu mkuu na wenzake watakuja kwa gari la kiwanda kukuomba radhi mbele ya wafanyakazi wote wa shamba, nami nimeomba niwemo. Nitaiomba yangu kwanza, kabla wao hawajaomba yao. Ukinifukuza nitaelewa. Ukininyamazia nitasubiri.

Mbusu Mama kwa niaba yangu. Wasalimie wote wanaoniulizia, hata hao waliokubandika jina, uwaambie nakuja.

Ni mimi binti yako, na sasa kiwanda kizima kinajua.